Uzi wa Mwalimu Masengo

Wameleta viti vya plastiki hadi uwanjani, Katuba,
wameleta spika inayokoroma, na kombe lenye jina lako
lililokosewa herufi moja. Hukusema kitu.
Uliligeuza, ukalipima uzito kwa kiganja
kama unavyopima tufe kabla ya kulinunua,
ukaliweka chini, karibu na mguu wa kiti,
mahali ambapo hakuna atakayelipiga teke.

Nimepewa dakika tano nikusifu.
Nitaanza na mkono.

Mkono wa kulia ulikuwa wa fonderi mpaka saa tisa alasiri;
ulinuka shaba hata Jumapili, kanisani,
na Mama Kapya aliukataza kugusa bukari
mpaka usuguliwe kwa ndimu na majivu.
Saa kumi ulikuwa wa mchezo.
Unachora duara kwa kisigino, unaingia, nyayo pamoja,
unachuchumaa kidogo, kiganja kinatazama chini
kana kwamba kuna mtu amelala, asiamshwe.
Kisha chuma kinaondoka. Hakirushwi.
Kinaruhusiwa.

Miaka thelathini na minne.
Likasi, Kolwezi, Kitwe ng'ambo ya mpaka,
treni iliyolala siku mbili pale Tenke
nawe ukacheza kandokando ya reli na makanika,
ukawashinda kuku, ukamla pamoja nao.
Viatu vya ushindi ulinunua mara moja tu.
Fedha nyingine zilikuwa karo, zilikuwa mabati,
zilikuwa mazishi ya watu wasiojua hata kanuni za mchezo.

Na ile fainali ya Kamalondo, wacha niiseme,
maana wewe hutoka nje kila inaposemwa.
Kumi na mbili kwa kumi na mbili.
Tufe lako limelala ubavuni mwa kitoto cha mti,
refa ameshainua mkono, ngoma zimeshaanza,
nawe ukasema: "Hapana. Mguu yangu ilitoka mu duara."
Hakuna aliyeona. Vumbi lenyewe halikuona.
Kombe likaenda na watu wa Likasi,
na sisi watoto tukakuchukia wiki nzima.

Wiki ya pili ulitukuta nyuma ya ukuta wa shule
tukicheza kwa mikebe ya nyanya tuliyoijaza saruji.
Hukucheka. Ulichukua mkebe wangu, ukaulaza
vidole viwili kutoka kwenye jiwe, ukasema, "Tena."
Hilo ndilo neno lako. "Vizuri" hukuijua,
"pole" hukuijua. Tena. Mvua ya Novemba, tena.
Nina homa, mwalimu. Kaa kivulini, tazama wenzako. Kesho, tena.
"Udongo iko nasema," ulituambia, "weye sikiliza":
huu mwekundu hushika,
ule mweusi wa karibu na kilima cha masizi huteleza.
Ngoie alisikiliza, akafika hadi Antananarivo.
Mimi nilisikiliza, nikawa fundi wa sakafu,
na bado napiga magoti kutafuta mwinuko
ambao mwenye nyumba hauoni.

Sasa mkono unatetemeka. Tunauona, usiufiche mfukoni.
Mwaka jana uliacha kurusha, ukabaki na uzi,
uzi wa kushonea magunia, wenye mafundo matatu,
unaouchomoa matufe mawili yanapogombana.
Unainama polepole, magoti yanalia,
unauvuta kutoka kitoto hadi chuma, chuma hadi kitoto,
na uwanja mzima unanyamaza, hata walevi wa lutuku,
maana uzi hutetemeka, lakini neno lako, bado.

Dakika zangu zimekwisha, mwenye spika ananikonyeza.
Nilitaka kusema asante, ila najua utanijibu nini.
Basi tazama pale, nyuma ya spika:
binti mdogo wa Ngoie amechora duara kwa kisigino,
ameinua mkebe wake,
mguu mmoja uko nje.

Umeshaanza kuinuka.